Heri ya Siku ya Ndoo

Mwanamume akikuacha, watu hukushauri usamehe ili roho yako ipumzike. Yangu haikuwa imechoka. Kwa miaka mitatu iliamka pamoja nami, ikanywa chai pamoja nami, ikaenda kazini, ikakaa ikisubiri. Asubuhi hiyo nilivaa gauni langu la kijani, lile ambalo zamani akiniona nalo alikuwa hasikii tena anachoambiwa, nikapaka wanja, nikaenda karakana kulipiza kisasi.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Naletewa vitabu vilivyochakaa, navifumua, naviosha kurasa, navishona upya na kuvivika jalada. Mezani kwangu kuna sindano, uzi wa kitani, gundi ya unga na kisu chenye makali kuliko ulimi wa Redio. Redio ni mwenzangu wa meza ya pili. Jina hilo la utani kalipata kwa haki yake, maana hazimiki.

"Umeona?" alinirukia kabla sijaweka mkoba. "Watu elfu arobaini! Mwangalie huyu babu!"

Akanisogezea simu. Babu alikuwa amevaa ndoo ya bluu kichwani kama kofia, anacheka na jino lake moja. Chini yake karani wa benki alikuwa ameinua ndoo juu kama aliyeshinda kombe, na chini ya huyo mtoto mchanga alikuwa amekalishwa ndani ya ndoo, kanuna. Wote walikuwa na jina moja la ukoo, na wote wameandika maneno yale yale: Heri ya Siku ya Jina Letu!

Jina lenyewe sitaliandika. Siku ile nilipoachwa niliapa halitatoka tena mdomoni mwangu wala kwenye kalamu yangu, na kiapo changu nakishika. Lakini hiyo siku yake niliianzisha mimi.

Kuna ukurasa mmoja mtandaoni ambapo mtu yeyote anaweza kupendekeza siku ya mzaha. Kuna siku ya soksi zilizopotea, kuna siku ya wanaopiga chafya mara tatu. Miezi minane kabla ya hapo nilikuwa nimeletewa kukarabati daftari kuukuu la watumishi wa nyumba ya mtawala wa zamani. Ukurasa wa tisa nikalikuta lile jina, la zamani kuliko popote lilipowahi kuonekana limeandikwa. Mbele yake karani wa enzi hizo alikuwa ameandika kazi ya mwenye jina: kumwaga vyungu vya haja vya chumbani. Nilisoma mara tatu. Kisha nikacheka mpaka Redio akaniletea maji.

Ungewajua watu wa ukoo ule, nawe ungecheka. Kwao babu wa kwanza alikuwa mshika upanga wa mtawala. Upanga uko kwenye geti, uko kwenye vijiko, uko kwenye taulo za kufutia mikono. Na ni kwa sababu ya upanga huo mimi niliachwa.

Yule aliyeniacha alisimama pale pale mezani kwangu miaka mitatu nyuma, ameshika kitabu cha historia ya ukoo wao. Nilikuwa nimekijalidi mwenyewe, ngozi nyekundu na herufi za dhahabu. Karibu na mwisho kulikuwa na ukurasa wenye picha yetu wawili, yeye na mimi, umeandikwa "Kizazi Kipya". Kadi za harusi zilikuwa zimeshachapwa.

"Mama amekataa," aliniambia. "Anasema mwanamke wa gundi na uzi hawezi kubeba jina la mshika upanga. Na anataka ukurasa huu utolewe."

"Nani autoe?"

"Wewe ndiye fundi."

Nikautoa. Kitabu hushonwa kwa karatasi zilizokunjwa katikati, kwa hiyo ukikata ukurasa mmoja, pacha wake wa upande wa pili hulegea, na inabidi umshikize kwa ukanda mwembamba wa karatasi. Nilikata, nikapaka gundi, nikashikiza, nikamrudishia kitabu chake kikiwa safi. Alipotoka nilikwenda kwenye sinki la kuoshea brashi nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Baada ya hapo nilikutana na mama yake njiani mara mbili. Mara zote mbili alinipita kama anapita nguzo ya umeme. Ndipo nikajua kisasi changu kina anwani ipi.

Basi nikaandika habari ya ukurasa wa tisa, nikaitia utani, nikaambatisha picha ya ukurasa wenyewe, nikapendekeza kila mwenye jina lile apigwe picha na ndoo kumuenzi babu yao, nikaipeleka bila kuweka jina langu. Nilitaka watu waone haya, wao wakaenda kununua ndoo. Sikujali. Mimi nilimtaka mtu mmoja tu.

Na mtu huyo, mama yake, akajileta. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alipiga simu karakana, Redio akapokea. Alikuwa amesikia kwamba jina lao limepewa siku, na kwamba daftari lenyewe liko kwetu. Ukoo mzima utakutana ukumbini saa nane mchana, na yeye anataka nakala ya ukurasa wa tisa, kubwa kama mlango, kwenye fremu ya kioo, ifunuliwe mbele ya wageni.

Redio alikata simu, macho yamemtoka. "Hajasoma!"

"Hajasoma," nikasema. Nilikaribia kumwonea huruma, nikajizuia.

Sasa siku ilikuwa imefika, fremu imeegemea ukuta, imefungwa karatasi ya kaki. Saa nne mlango ukafunguliwa, na badala ya dereva akaingia yeye, aliyeniacha.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona amezeeka, amechakaa kidogo, Mungu amenisaidia. Wapi. Suti ilimkaa, ndevu alizofuga zilimkaa, na macho yake yalikuwa yale yale, yale ya kumtazama mtu kama anamsikiliza kwa macho. Hilo nalo nikaliongeza kwenye makosa yake.

"Habari za siku nyingi, Sindano."

"Sindano alishakufa. Unataka nini?"

"Nimetumwa kuchukua fremu."

"Ile pale."

Hakuisogelea. Akamgeukia Redio. "Dada, samahani, unaweza kutupisha kidogo?"

"Siwezi," alisema Redio. "Kazi zimenizidi." Mkononi hakuwa na kitu, hata penseli.

Akavuta kiti, akainama, akashusha sauti. "Nimesoma kilichoandikwa pale."

"Hongera. Kusoma kuna faida."

"Ni wewe uliyeianzisha siku hii."

"Una ushahidi?"

"Nakujua. Hata ukiandika, nasikia unavyocheka."

Moyo wangu ukaruka, mpumbavu mkubwa. Nikashika kisu nikaanza kukata karatasi ambayo haikuhitaji kukatwa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nakuomba kitu kimoja. Weka ukurasa mwingine humo ndani, wowote ule. Mama hajui. Atafunua mbele ya watu mia mbili, na Shangazi atakuwa kiti cha mbele. Unamjua Shangazi. Itakuwa ni aibu ya kufa nayo."

"Mama yako alinimaliza mimi bila hata kunitazama usoni. Mia mbili ni wachache."

"Basi niadhibu mimi."

"Zamu yako haijafika. Nakwenda kwa mpangilio."

Halafu akasema, "Sijaoa."

"Sikukuuliza."

"Najua hukuuliza. Ungeuliza nisingekuwa na haja ya kukaa nalo miaka mitatu." Akakuna ndevu. "Kila Alhamisi napita barabara hii. Nakuona dirishani, umebana uzi kwa meno. Kazini wanadhani nina mgonjwa upande huu."

"Kwa nini hukuingia?"

"Niingie niseme nini?"

"Ungeanza na samahani. Mengine yangejileta."

"Samahani," akasema.

Akaweka mkono wake mezani karibu na wangu, haukunigusa, ila joto lake nililisikia. Niseme ukweli, nilimpenda. Nilimpenda wakati nakata ule ukurasa, nilimpenda wakati naandika habari ya vyungu, na asubuhi ile, nikiwa na wanja wa kisasi machoni, nilimpenda kuliko nyakati zote. Miaka mitatu nilikuwa namtunzia mama yake hasira ili yeye abaki msafi. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa nataka kumwambia haya, nitaubadilisha, kwa ajili yako.

Mlango ukagonga ukuta.

"Hiyo fremu inafungwa au inachongwa upya?" Alikuwa mama yake, gauni la zambarau, mkoba kwapani, jasho kwenye paji la uso. "Nimekaa ndani ya gari mpaka nimeiva!"

Aliniona, akahamisha macho. Malezi ni malezi, nikasimama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," aliuitikia ukuta.

"Mama, kuna tatizo," mwanawe alidakia. "Kioo kimepasuka. Itabidi tuache."

"Hakijapasuka," nikasema. Huruma ilikuwa imekwisha. Alivyoniitikia vile, nilijiambia, acha aone.

"Fungua nione," akasema mama.

"Mama, tunachelewa..."

Alishamsogeza kwa kiwiko. Akavaa miwani, akachana karatasi ya kaki kwa kucha zake mwenyewe, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole juu ya kioo. "...yeye na wanawe, kumwaga vyungu vya haja vya chumbani, kila alfajiri, na kuvisuuza."

Nikasubiri uso wake uanguke. Miezi minane nilikuwa nausubiri uso huo. Alivua miwani, akafuta machozi, mabega yakawa yanatikisika. Ikanichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Na kuvisuuza!" akarudia. "Mungu wangu! Hicho cha kuvisuuza sikukiona kwenye simu, maandishi yalikuwa madogo."

"Ulikuwa umesoma?" sauti ya mwanawe ilitoka nyembamba.

"Unadhani naagiza kitu kikubwa kama mlango bila kukisoma?" Akajitupa kwenye kiti alichokuwa amekalia mwanawe. Alipoongea alikuwa anaongea na kila mtu mle ndani, Redio akiwemo. "Mimi baba yangu alikuwa fundi viatu. Jina hili nimeolewa nalo, sikuzaliwa nalo. Miaka thelathini na sita wifi yangu ananifundisha kushika kikombe kwa vidole viwili, eti nimeingia kwa mshika upanga. Siku ya msiba wa mume wangu alinirekebisha namna ya kulia! Basi leo atakaa kiti cha mbele. Nimemwekea na mto."

Redio alipiga makofi. Mimi nilikaa chini taratibu. Kitu kilikuwa hakikai sawa.

"Mama," nikasema, "kama baba yako alikuwa fundi viatu, kwa nini ulinikataa kwa sababu ya gundi na uzi?"

"Nani alikukataa?"

"Wewe."

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akanitazama usoni. "Nilikukataa lini? Si wewe uliyemkimbia mwanangu! Niliambiwa umepata mwingine, mwenye gari. Nikaenda kwa wifi, nikafungua kitabu, nikaona ule ukanda. Nikauliza ukurasa wa watoto uko wapi. Nikaambiwa kautoa mwenyewe, kwa mkono wake. Nililia, wewe mtoto! Nilikuwa nimeshakununulia vitambaa. Ndiyo maana nikikuona njiani napita moja kwa moja. Ningesimama ningekuzaba kibao."

"Uliambiwa na nani?"

Sikuwa nangoja jibu. Tuligeuka wote watatu, mimi, mama na Redio. Yeye alikuwa analitazama kopo la gundi kama ndilo litakalomtetea.

"Shangazi," alisema mwishowe. "Alinipa siku mbili. Kazi ni ya kwake, nyumba ninayokaa ni ya kwake. Alisema nichague, jina au wewe. Niliogopa. Nikaona nikisema ni Mama aliyekataa, utamchukia Mama. Mimi utanikumbuka kwa wema."

"Na mimi?" aliuliza mama yake, polepole sana.

"Wewe ungekwenda kugombana na Shangazi."

"Ningekwenda! Ningekwenda na mwiko!"

Sikupiga kelele. Nilishangaa mwenyewe kwamba sikupiga kelele. Hasira yangu haikupungua hata tone, ilihama nyumba tu. Nilimfikiria yule mwanamke niliyemchukia kila asubuhi nikinywa chai, huku naye ana vitambaa vyangu kabatini. Nilizifikiria zile Alhamisi zake, anapita barabarani ananitazama dirishani, anajua alichofanya, anajionea huruma. Na ubaya wake ni kwamba hata sasa macho yake yalikuwa yananisikiliza.

"Nakupenda," akasema. "Niambie nifanye nini."

"Unanipenda?"

"Wallahi."

"Hapa tuko wanne. Kunipenda mbele ya watu wanne ni rahisi." Nikasimama, nikachukua mkoba wangu. "Saa nane utapanda jukwaani. Utausoma ukurasa huo wote, mpaka kwenye kuvisuuza. Ukimaliza utasema ule ukurasa wetu ulitolewa kwa amri ya nani, na ni nani aliyemsingizia mama yake."

"Shangazi atanifukuza kazi."

"Atakufukuza."

"Na nyumba."

"Na nyumba."

"Na nikishasema... utanirudia?"

"Sema kwanza."

Akamgeukia mama yake, kama wanaume wote wanavyofanya wakibanwa. Mama alikuwa anafunga mkoba wake. "Beba fremu," alimwambia. Kisha akanishika mkono, mkono wa kazi kama wangu, akaniongoza kwenye gari kiti cha nyuma, nikakaa pamoja naye. Redio alifunga karakana na kuja kwa teksi. Alisema angekosa hiyo angeugua.

Ukumbi ulijaa. Vijana wa ukoo, ambao simu zao zilikuwa zimewaambia kila kitu wiki nzima, walikuwa wamejipanga nyuma na ndoo zao za rangi rangi. Wakubwa mbele hawakuwa na habari. Shangazi alikalia mto wake, mwanamke mrefu wa shingo ngumu, glasi ya maji ya matunda kwa vidole viwili. Alinitazama mimi, akalitazama gauni langu, akamwuliza mama, "Huyu wa gundi kaletwa na nani?"

"Na mimi, wifi," alisema mama, na akanikalisha kiti cha mbele, karibu naye.

Kitambaa kikavutwa. Mama alikivuta mwenyewe, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe. Kwanza watu wakasoma. Halafu huko nyuma mtu akapiga ndoo yake kama ngoma, ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Shangazi alisoma mstari mmoja, akasimama, maji ya matunda yakamwagikia mto.

"Ondoeni takataka hiyo!"

Hakuna aliyeondoa. Mwanamume niliyempenda alikuwa amepanda jukwaani na kipaza sauti mkononi. Aliusoma ukurasa. Kwenye kuvisuuza vijana walishangilia. Kisha akasema, "Kuna ukurasa mwingine," na vicheko vikaanza kufa kimoja kimoja.

"Shuka chini," alisema Shangazi. Hakupaza sauti. "Unajua unalala kwa nani."

Akasita. Kipaza sauti kikateremka hadi kifuani. Mama alinibana mkono mpaka pete yake ikaniuma. Niliitazama ile suti nzuri, na nikajua kwa uhakika kwamba akishuka, nitatoka kwa mlango ule wa pembeni na hataniona tena hata kwenye dirisha. Nilitamani asishuke. Nilitamani hivyo kuliko nilivyowahi kutamani kisasi.

Akavuta pumzi. "Miaka mitatu iliyopita," akasema, "nilimwacha mwanamke ninayempenda kwa sababu nilimwogopa Shangazi. Nikamdanganya yeye, nikamsingizia mama yangu." Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayezungumza na viatu vyake, walioisikia ni wa safu ya mbele tu. Shangazi aliketi kwenye mto uliolowa kama aliyesukumwa. Kule jukwaani yeye akainua macho akanitafuta, na macho yale yakaniuliza kama sasa inatosha.

Nikaegemea kiti, nikanyoosha gauni langu la kijani magotini.

"Ongeza sauti," nikamwambia. "Nyuma hawasikii."